Nalala masaa matatu na najisikia poa kuliko siku zote, ni mania au nimefurahi tu?

Mama Nesi yupo. Kwa wageni wa ukurasa huu, nimekaa wodi za afya ya akili miaka mingi kabla ya kustaafu, sasa hivi nipo kwangu njia ya kwenda Kibosho na kuku wananipigia kelele nikiandika, mtanivumilia. Mwezi huu barua zenu zimegongana, karibu zote zinahusu bipola, ugonjwa wa hisia kushuka na kupanda kupita kiasi, na sio ile ya kulala kitandani wiki nzima unalia, ni ile nyingine ya kupanda juu, ndo inaitwa mania. Basi ukurasa wote tunaupa hiyo.

Shikamoo Mama Nesi. Mi ni kijana wa Majengo hapa Moshi, nina miaka 31, kazi yangu kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro, nilianza na upagazi. Miaka miwili iliyopita nililazwa wakaniambia nina bipola, natumia lithiamu. Sasa sizoni hii nimepanda njia ya Machame mara tatu nikiunganisha, na toka nishuke juzi najisikia vizuri ambavyo sijawahi. Nalala saa sita saa tisa nishaamka niko fresh kabisa, nimefyeka uwanja wote, nimepaka rangi chumba, najifunza Kihispania kwenye simu, na nina wazo la kufungua kampuni yangu ya utalii, nishaongea na mzee auze kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, tupate mtaji ila anasuasua tukagombana. Mchumba wangu anasema naongea haraka hanielewi. Dawa mlimani nilirukaruka kidogo nakiri. Mama miaka miwili nimekuwa kama zombi, leo nimekuwa mtu, sasa kila nikifurahi ndo naumwa? Nimechoka, nikicheka tu mtu ananiuliza umekunywa dawa. Alhamisi napanda tena.

Marahaba mwanangu. Nianze na la haraka: kliniki nenda kesho asubuhi, na hiyo ya Alhamisi mpe mwenzako. Nenda na mchumba wako. Kama unafuatiliwa hospitali ya Mawenzi au KCMC nenda hapo hapo wenye faili lako, usiende kuanzisha faili jipya sehemu nyingine kwa sababu unaona aibu.

Sasa tuongee. Unauliza kila ukifurahi ndo unaumwa, hapana, na hilo swali limenigusa maana nimewaona wengi wakishapewa jina la bipola basi hata wakicheka harusini kuna shangazi anawakata jicho. Kufurahi ni haki yako. Ila chukua barua yako uisome kama kaiandika mtu mwingine, uniambie huyo mtu ungempa kamba ya kumshusha mgeni.

Kilichonishtua mimi ni usingizi. Mtu mwenye mawazo akikosa usingizi asubuhi anaonekana, macho mekundu, amechoka kama gunia la viazi, analalamika. Wewe unalala masaa matatu hulalamiki, huchoki, unataka na kazi ya ziada. Mwili ambao hauhitaji kulala ndo alama kubwa kuliko zote, na kwa wengi ndo inayotangulia, kabla ya kuongea sana, kabla ya hela kuisha. Nyingine unazo pia: maneno yanakimbia, mawazo yanagongana, mipango mikubwa, hasira za karibu karibu mtu akikupinga, hadi na mzee wako. Hasira watu wanaisahau, wanadhani mania ni kuchekacheka tu, kumbe kuna ambao mania yao yote ni ugomvi kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Halafu angalia hili la kampuni. Wazo si baya, watoto wa mlimani wamefungua kampuni na wanaishi vizuri. Lakini mtu aliyefurahi kawaida atalala na wazo lake, Jumatatu ataenda kuuliza leseni ya kampuni ya utalii inataka nini, atapiga hesabu kwenye daftari, atakata tamaa kidogo, atarudi tena. Wewe unataka kihamba kiuzwe wiki hii. Kihamba! Wachaga wenzangu mnanielewa. Mania haina subira, hiyo ndo tofauti ninayoiangalia siku zote, jipime mwenyewe: hili jambo likisubiri wiki mbili litakuwaje? Ukiona hata swali lenyewe linakukera basi ushapata jibu.

Madaktari wao wanahesabu siku. Hali hii ikikaa kama wiki nzima, au kabla ya wiki ikawa kali mpaka mtu analazwa, wanaita mania, ikiwa nyepesi kwa siku 4 au zaidi na mtu bado anafanya kazi zake ni haipomania. Hizo hesabu ni za kuandika kwenye faili, wewe usikae nyumbani unasubiri zitimie. Haipomania ndo sehemu tamu, mtu anapendeza, anachangamka, anachapa kazi, bosi anamsifu, na ndo sehemu ambayo bado unaweza kurudi kwa mguu wako. Ukishavuka hapo wewe mwenyewe ndo wa mwisho kujua, maana kile kichwa unachokitumia kujichunguza ndo hicho hicho kinachoumwa.

Na kazi yako mwanangu inakula usingizi kwa ratiba. Kuanza kilele ni saa sita usiku, mnapanda gizani mpaka Uhuru mita 5,895, na siku hiyo hiyo mnashuka. Mtu asiye na bipola atalala siku mbili yameisha. Kwako kukosa usingizi ni dalili na ni kiberiti pia, kukesha kwenyewe kunaweza kuwasha mania hata kama hukuwa nayo. Kuunganisha tripu tatu kwa mtu mwenye bipola mi nasema hapana, na najua sizoni ndo hela, najua. Ongea na daktari kuhusu ratiba, halafu utafute kiongozi mmoja mnayeaminiana umwambie, si lazima wote wajue. Kuna kazi za mchana pia, wageni wa Materuni wa kahawa na maporomoko, wa siku moja kwenda Mandara na kurudi. Hela ni ndogo, ila unalala kwako.

Lithiamu sasa. Hii dawa ina nafasi nyembamba, kwa wengi kipimo chake kwenye damu kinatakiwa kiwe kati ya 0.6 na 1.0 (milimoli kwa lita), ikishuka haikulindi, ikipanda kuzidi 1.5 hivi inaanza kuwa sumu. Ndo maana wanakutoa damu kila mara na kupima figo na tezi ya shingo, sio kwamba wanakuchezea. Mlimani unatoka jasho, hunywi maji ya kutosha, wengine wanatapika au kuharisha kwa ajili ya mwinuko, mwili ukikauka lithiamu inapanda. Na magoti yakiuma wakati wa kushuka mnafanya nini? Mnameza diklofenaki au brufeni, si ndio? Hizo zinapandisha lithiamu, usiziguse bila kuuliza, panado haina shida hiyo. Ukiona mikono inatetemeka sana kuliko kawaida yako, unaharisha, unayumba kama umekunywa, ulimi mzito, usimeze dozi inayofuata, wahi hospitali. Na kwa kuwa ulirukaruka usije ukafidia kwa kumeza mbili mbili, waambie ukweli kliniki, manesi hatung'ati. Nyingine ambayo watu wa mlima hawaambiwi: ile deksamethasoni ya ugonjwa wa mwinuko ni jamii ya steroidi, na steroidi zinaweza kuamsha mania. Kama kuna siku uhai unaidai utapewa, lakini kiongozi wako ajue mapema.

Kuanzia leo usiku mpaka uonane na daktari: zima taa saa tatu, chumba kiwe giza, simu ilale sebuleni na Kihispania chake. Kahawa hapana, enaji hapana, bangi na mirungi hapana kabisa. Usijitahidi kuchoka ili ulale, eti nikimbie mpaka Kiboriloni na kurudi, utazidi kuwaka. Kadi ya benki mpe mchumba, au mama.

Umesema miaka miwili umekuwa kama zombi. Hilo usilimeze, lipeleke kliniki kama lilivyo. Dozi inaweza kuwa kubwa, dawa inaweza kubadilishwa, au pengine ni sonona, ule unyonge mzito, haijaisha na hakuna aliyekuuliza. Wengi wanaoruka dawa hawazikatai, wamechoka kujisikia ganzi na hawajapata mtu wa kumwambia. Nilishawahi kuwa na kijana mpagazi (nimebadilisha mambo yake asijulikane), alirudi wodini mara tatu, mara ya tatu ndo tukakaa naye chini na dada yake tukamuuliza wiki ya kwanza kabisa huwa unafanyaje, dada akasema anaanza kupiga brashi viatu vya nyumba nzima usiku, mpaka vya majirani. Yeye mwenyewe hakuwa anajua! Tukaandika kwenye karatasi: viatu usiku, dada anapiga simu kliniki. Ikaanza kusaidia, maana dada alikuwa hapigani tena na mania, anaangalia viatu tu. Wewe chako nahisi ni rangi na fyekeo, lakini muulize mchumba.

Mama Nesi habari za kazi. Mimi nipo Kijenge Arusha, mume wangu ana miaka 43 ni dalali wa mawe ya vito. Mwezi wa pili alikuwa mnyonge sana, hali chakula, hatoki, tukaenda zahanati moja wakampa amitriptilini, akaamka vizuri nikashukuru Mungu. Sasa wiki ya pili hii halali, alienda mkesha akarudi anasema ameoteshwa mgodi, ametoa ng'ombe wa mama mkwe bure kwa mtu, amekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, sehemu mbili na mikopo ya simu sijui mingapi, anaposti stetasi usiku kucha, juzi alimpigia mtu makelele hadharani pale mjini. Kwao wanasema kalogwa kwa ajili ya mawe, mchungaji anasema ni mapepo. Nikimwambia hospitali anasema nyie ndo mnaumwa. Watoto wanamwogopa. Nifanyeje mwenzenu.

Pole mdogo wangu, pole sana. Hapa siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini mpangilio ulionipa, unyonge, halafu dawa ya sonona, halafu kupaa, ni wa kumwambia daktari hivyo hivyo kama ulivyoniandikia. Mtu ambaye ndani yake ana bipola akipewa dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha upande wa pili. Zahanati siwalaumu sana, alikuja mnyonge wakatibu unyonge, na bipola mara nyingi inaingia kwa mlango huo. Ila wangeuliza, umeshawahi kupata kipindi hulali na una nguvu za ajabu? Swali la nusu dakika. Hizo amitriptilini chukua pakiti uende nayo, na leo hii piga simu au nenda umuulize daktari kuhusu kuzisimamisha.

Usibishane naye kuhusu mgodi. Utashindwa, anaongea kuliko wewe na halali. Na lile neno "umeanza wazimu wako" mkilifukuza nyumbani mtakuwa mmefanya kazi kubwa, maana siku atakayokuwa mzima mkimtupia hilo kwenye kila ugomvi hatakuja akubali tena kusikia kwamba anapanda. Shika kitu ambacho yeye mwenyewe anakikubali. Wengi wanakataa kwamba wanaumwa lakini wanakubali kwamba hawajalala. "Baba fulani twende wakupe kitu cha kukulaza usiku mmoja tu, macho yako yamechoka." Hiyo sio kumdanganya, ndo tiba yenyewe inapoanzia. Tafuta mtu mmoja anayemheshimu, sio watu saba, saba ni kikao na kikao kitamwasha. Kama ni mjomba, au mzee wa mawe mwenzake, aje asubuhi akiwa ametulia, gari liwe tayari nje. Mpeleke hospitali ya Mount Meru kwenye afya ya akili, au KCMC mkiweza kuteremka Moshi.

Mchungaji usimfanye adui. Mwombe aombe mchana, na amwambie mumeo kwamba kwenda hospitali hakumpunguzii imani. Nimeshaona mchungaji mmoja akiokoa siku kwa sentensi hiyo. Lakini mikesha kwa sasa basi, hata akilia, hata kama ni ya shukrani, usiku ni wa kulala. Na mganga wa kumfunga kamba au kumfungia chumbani siku tatu bila kula, kataa kwa nguvu zako zote.

Akitishia kukuumiza wewe au watoto, au akitaka kuendesha gari kwa spidi ya wazimu, au haoni tena nini ni kweli, hapo ushawishi umeisha, ni dharura. Watoto wapeleke kwa bibi yao, piga kelele kwa majirani, mjumbe, polisi ikibidi, afikishwe hospitali. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake akiwa katika hali hiyo, kwa utaratibu wake, daktari atakueleza. Na watu wasikutishe na Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili, kule Dodoma wanaenda wachache, wengi wanatibiwa hapa hapa mkoani wanarudi kwao. Hospitali watampima pia mengine, tezi, maambukizi, dawa anazotumia, vilevi, kwa sababu si kila anayepaa ana bipola. Wakiridhika kwamba ni mania kuna dawa za kumtuliza kwa siku chache kama olanzapini au haloperidoli, halafu zile za muda mrefu za kushikilia hali.

Madeni. Mwambie daktari akuandikie barua inayoonyesha tarehe za ugonjwa, sio kwamba itafuta deni la kausha damu, hao watu tunawajua, lakini ng'ombe wa mama mkwe anaweza kurudi watu wakikaa wakaelezana, na mwenye busara atamrudisha. Laini zake za simu mwombe akupe wewe mwenyewe akishatulia, usimnyang'anye kwa ugomvi. Na jambo moja ambalo huwa halisemwi: akishuka atashuka kweli. Siku akili inarudi anaanza kuona ng'ombe, madeni, stetasi, watu aliowatukana, aibu yote inamjia kwa mkupuo, na mara nyingi sonona inafuata nyuma ya mania. Hapo ndo pa kumlinda kuliko hata sasa hivi. Akisema maneno ya kutaka kufa usiyachukulie kama utani, usimwache peke yake, toa sumu za kunguni na za shamba ndani ya nyumba, na mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe umekula lini?

Mama eti lithiamu si ndo ile ya betri za simu? Mimi nimeandikiwa nimeogopa kumeza. (Msomaji, Usa River)

Madini ni hayo hayo mwanangu, ila wewe unapewa chumvi yake kwa kipimo, kama ambavyo chuma cha dawa za wajawazito hakifanani na msumari. Daktari mmoja wa Australia, John Cade, ndo aliandika mwaka 1949 kwamba inatuliza mania, na mpaka leo ni kati ya dawa zinazoaminika zaidi kwa bipola, na inapunguza hatari ya mtu kujiua. Kunywa maji, usikate chumvi ya chakula ghafla, nenda kwenye vipimo vya damu. Na yale ya magoti na diklofenaki niliyomwambia kijana wa mlima ni yako pia.

Shikamoo. Nina miaka 27, nina bipola natumia sodiamu valproeti miaka mitatu na nimetulia kabisa. Nimeolewa Machame mwaka jana, mama mkwe anauliza mjukuu kila Jumapili. Naweza kubeba mimba nikiwa na dawa?

Marahaba, na mpe pole mama mkwe, asubiri. Valproeti kwa mimba ni hatari kweli: karibu mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kilema, kama cha uti wa mgongo, na 3 hadi 4 kati ya 10 wanachelewa kuongea, kutembea au kujifunza. Mwanamke wa umri wako alitakiwa aambiwe haya siku ya kwanza anapoandikiwa, na mara nyingi haambiwi, linanikera mpaka leo. Lakini usiiache kesho ukifurahi, ukiacha ghafla mania inarudi na mimba juu yake. Endelea na uzazi wa mpango, nenda kliniki useme wazi unataka mtoto, watakubadilishia taratibu. Wakitaja kabamazepini ujue nayo ina shida zake kwenye mimba, na inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Ukishajifungua ndo kipindi kigumu zaidi, wiki za kwanza mania inapenda kurudi, hivyo daktari wako na wakunga wawe wanajuana kabla. Huyo mama mkwe hapo ndo apewe kazi, amshike mtoto usiku wewe ulale. Si anataka mjukuu.

Mama Nesi, Desemba tunarudi kwetu Rombo kuhesabiwa, nikinywa mbege mbili tatu kuna shida? Nina bipola.

Ipo. Pombe inavuruga usingizi na inagongana na dawa, na mbege za Desemba hakuna anayezihesabu. Ila mi naogopa safari kuliko kikombe: mtu anatoka Dar na basi la usiku, anafika hajalala, kuna ng'ombe anachinjwa, wageni mpaka alfajiri, hela ya mwaka mzima ipo mfukoni na kila binamu ana shida yake. Safiri mchana. Dawa beba za wiki mbili zaidi ya siku zako, ziwe kwenye begi la mkononi, sio kwenye buti la basi. Saa tatu usiku waage uende ukalale, waseme unaringa. Ukitaka kushika kikombe ili wazee wasinune, shika, onja, mpe wa pembeni.

Barua za mwezi ujao nimeshaanza kupokea, nyingi ni za presha.